DAC ya pesa ngapi? Historia inajibu

Mtu akishapata kazi na kununua ampli na bafle mbili nzuri, swali linalofuata siku hizi ni hili: nichukue DAC gani? Ile ya dola 10 ao ile ya dola 500? Muuzaji atakuambia kwamba bei njo sauti. Mimi naona tuulize historia kwanza, kisha tufungue mfuko.

Tuelewane. Muziki ulio ndani ya simu ao kompyuta si sauti, ni namba tupu. Bafle haijui kusoma namba; inajua tu kusukumwa na umeme unaopanda na kushuka. DAC njo kifaa kinachogeuza namba kuwa umeme huo. Kila simu inayoimba kwa spika yake iko nayo ndani, hata ile ya bei ya chini.

Wazo lenyewe halikutoka kwa watu wa muziki. Lilitoka ku shida ya simu. Mu 1937, Alec Reeves, injinia Mwingereza aliyefanya kazi Paris katika maabara ya kampuni ITT, alikuwa anatafuta dawa ya kelele. Ku waya mrefu sauti inachoka, inabidi kuiongezea nguvu njiani. Lakini ukiiongezea nguvu, kelele nayo inapanda pamoja nayo. Reeves akafikiri: tusitume sauti yenyewe, tutume hesabu yake. Tuipime mara nyingi kila sekunde, kila kipimo tukiandike kwa namba, na huko mwisho wa waya tuijenge upya. Namba ikisomeka tu, kelele ya njiani haina kazi tena.

Aliomba hati ya ugunduzi Ufaransa mu 1938, lakini vifaa vya wakati ule vilikuwa zile taa ndogo za kioo za redio za zamani, na ilihitaji nyingi mno. Wakati wa vita, mu 1943, Wamarekani walianza kutumia mtambo wa SIGSALY kuficha mazungumzo ya wakubwa kati ya Washington na London kwa njia hiyo ya namba. Mtambo mmoja ulikuwa na uzito wa zaidi ya tani 50! Leo chipi ya kugeuza namba kuwa sauti ni ndogo kuliko ukucha.

Kisha vita, angalieni mwaka 1948. Kule Marekani, Claude Shannon wa maabara ya Bell alichapisha nadharia yake ya mawasiliano. Kanuni aliyoithibitisha kidogo nyuma yake inasema: ukipima sauti zaidi ya mara mbili ya mtetemo wake wa juu kabisa, hupotezi kitu. Mwaka uleule, kwetu Léopoldville, Wendo Kolosoy na Henri Bowane walirekodi «Marie-Louise» kwa nyumba ya Ngoma, ikatoka ku sahani za 78. Historia hizi mbili zilikuwa bado hazijuani.

Zilikutana kwa sababu ya sidi. Sikio la kijana linasikia mpaka mitetemo karibu 20,000 kila sekunde, kwa hiyo ilitakiwa kupima zaidi ya mara 40,000. Basi kwa nini Philips na Sony walichukua 44,100? Kwa sababu wakati ule mainjinia walikuwa wanaweka namba za muziki ku kaseti za video. Vipimo 3 ku kila mstari wa picha, mistari 245, mara 60 kila sekunde: jumla 44,100. Kwa televisheni ya Ulaya, 3 mara 294 mara 50: tena 44,100. Hakuna uchawi, ni hesabu ya kaseti tu.

Mashine ya kwanza, Sony CDP-101, iliuzwa Japani tarehe 1 Oktoba 1982. Philips nao walikuwa na chipi ya biti 14 tu, wakati sidi yenyewe iko na biti 16. Walifanya nini? Waliongeza kasi mara nne, mpaka 176,400 kila sekunde, ili sehemu kubwa ya kelele itupwe juu, mahali sikio halifiki. Ile chipi «ndogo» haikuona haya mbele ya wakubwa. Chipi nyingi za leo ni watoto wa akili hiyo: biti chache, kasi kubwa sana.

Kwa hiyo mtu akikuimbia «biti 32», kumbuka hesabu hii: kila biti inaleta karibu desibeli 6. Biti 16 ni karibu desibeli 96 kati ya kelele na sauti kubwa kabisa. Sahani ya 78 ya Wendo iko mbali sana chini ya hapo. DAC ya dola 500 haiwezi kuongeza ku gitaa la Bowane kitu ambacho sahani haikushika. Tena mu 2007 Meyer na Moran, Wamarekani wawili, walitoa matokeo ya majaribio 554: wasikilizaji walitakiwa kutofautisha rekodi za hali ya juu na zilezile zilizopitishwa kwa kipimo cha sidi. Walipatia mara 276, yaani nusu, sawa vile kurusha sarafu.

Basi tuchague namna gani? Mimi naangalia mambo matatu. Iko na mlango unaofaa vyombo vyako, USB ao ule wa mwanga wa televisheni? Inatoa karibu volti 2, ambazo ampli nyingi zinangojea? Inanyamaza wakati muziki umesimama, ao inanguruma kwa umeme wa kompyuta? Ikishinda hapo, inatosha. Hata kiunganishi kidogo cha Apple cha USB-C, kinachouzwa dola 9 Marekani, kiko na DAC safi ndani, ingawa ku simu fulani za Android sauti yake inatoka chini. Pesa inayobaki, weka ku bafle, ku pazia la chumba na ku kifaa cha kulinda vyombo umeme unaporudi kwa nguvu.

Na kama bado inabaki, kuna kazi nyingine. Ndani ya nyumba zetu kuna kaseti za bababu na bamama: harusi, kwaya, sauti za wazee waliokufa. Mkanda unaoza polepole. Hizo zinahitaji njia ya Reeves upande wa kwanza, kutoka sauti kwenda namba, na kompyuta yenye tundu la kuingiza sauti pamoja na waya mmoja vinatosha kuanza. Sauti ambayo haikugeuzwa namba kabla mkanda haujafa, hakuna DAC ya bei yoyote itakayoirudisha.