Maksai wa Kisongo na siri ya chumbani

Wandugu, siku moja ya mnada nilishuka Kisongo, nje kidogo ya jiji la Arusha. Nilifuata habari ya bei za ng'ombe, nikarudi na habari nyingine kabisa. Mzee mmoja aliyeegemea fimbo alinionyesha maksai mnene aliyesimama kimya katikati ya majike.

"Mwanangu, unajua kwa nini yule katulia hivyo?"

Nikacheka, nikasema najua, kahasiwa. Yeye hakucheka.

"Basi na mimi hospitali walinifanya hivyo. Waliniambia wanatibu saratani ya tezi dume. Hili lingine hawakuniambia."

Nilimuuliza swali moja tu. Jibu lake nitalileta mwishoni, maana kwanza nilirudi nyumbani kusoma, nikagundua kwamba mzee alikuwa ameshika mwanzo wenyewe wa historia ya tiba hii.

Tezi dume iko chini ya kibofu cha mkojo, na hutengeneza sehemu ya majimaji ya shahawa. Mwaka 1786 John Hunter, daktari wa upasuaji wa London, aliandika kwamba kwa wanyama waliohasiwa tezi hiyo husinyaa. Ikapita miaka zaidi ya 150. Mwaka 1941 Charles Huggins na Clarence Hodges wa Chicago wakaonyesha kwamba hata saratani ya tezi dume iliyosambaa hurudi nyuma mwanaume akitolewa korodani au akipewa homoni za kike. Testosteroni ndiyo chakula cha saratani hiyo. Mwaka 1966 Huggins akapata Tuzo ya Nobel.

Leo kuna sindano zinazofanya kazi ileile bila kisu, na zikisimamishwa homoni huweza kurudi. Lakini ni ghali na lazima zirudiwe, ndiyo maana kwetu wengi huishia kutolewa korodani: mara moja, basi. Maisha yanarefuka, ila hamu ya tendo la ndoa huondoka, joto hupanda ghafla mwilini, matiti huweza kukua.

Njia nyingine ni kuiondoa tezi yenyewe kabla saratani haijatoka nje. Hugh Hampton Young aliianza Johns Hopkins, Baltimore, mwaka 1904. Wapo waliopona, lakini karibu wote walipoteza nguvu za kiume, na kwa karibu miaka 80 madaktari waliona hiyo ndiyo bei yake. Kisha Patrick Walsh wa hospitali hiyohiyo, pamoja na Mholanzi Pieter Donker, wakatambua mishipa midogo ya fahamu inayopita pembeni mwa tezi. Mwaka 1982 Walsh akafanya upasuaji wa kuinusuru. Hata hivyo, nguvu huweza kuchukua miaka miwili kurudi, na si kwa kila mtu. Mionzi nayo huziathiri polepole, hata miaka kadhaa baadaye. Viagra, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, imewasaidia baadhi, lakini hailetei mtu hamu.

Johns Hopkins mnaikumbuka. Ndiko Rais Jakaya Kikwete alikofanyiwa upasuaji wa tezi dume Novemba 2014. Aliporudi aliwaambia Watanzania waziwazi kwamba ilikuwa saratani, akawahimiza wanaume wapime. Ugonjwa tuliokuwa tukiunong'ona ukatajwa hadharani. Yanayofuata chumbani bado tunayanong'ona.

Na kimya hicho kina hasara. Mume asiyeambiwa hudhani karogwa. Mke hudhani kuna nyumba ndogo. Wanaacha hata kushikana mikono, kumbe mwanaume aliyetolewa tezi anaweza kufika kileleni hata bila uume kusimama na bila shahawa kutoka, na mguso hauhitaji homoni. Haya ni maswali ya kumuuliza daktari kabla ya kisu, mke akiwa amekaa pembeni. Na sisi watoto wasomi tunaowasindikiza wazee wetu hospitali, tusione aibu kuyaanzisha.

Sasa lile swali. Nilimuuliza mzee: ungejua, ungekataa tiba?

Akatikisa kichwa. "Ningekubali, nina wajukuu. Ila ningemwambia mama watoto mimi mwenyewe, kabla hajaanza kujiuliza."