KUBALA, László (1927–2002)

László Kubala, ambaye Wahispania humwita Ladislao, alikuwa mchezaji mashuhuri wa kandanda na baadaye mwalimu wa timu, mzaliwa wa Budapest, Hungaria, wa wazazi wenye asili ya Kislovaki, naye ni miongoni mwa wachache mno waliopata kuzichezea timu za mataifa matatu: Chekoslovakia, Hungaria na Hispania.

Uhamaji. Mwaka 1946 alihamia Bratislava, akaichezea Slovan na kumwoa dada wa mwalimu wake, Ferdinand Daučík. Alirejea Budapest mwaka 1948, lakini Januari 1949, utawala wa kikomunisti ulipokwisha kukaza mkono, alitoroka ndani ya lori hadi sehemu ya Austria iliyokuwa chini ya majeshi ya Marekani, kisha akaingia Italia. Mei mwaka huo klabu ya Torino ilimwalika afuatane nayo kwenda Lisbon kwa mchezo wa kirafiki, naye akabaki kwa sababu mwanawe alikuwa mgonjwa. Ndege iliyowarudisha wachezaji hao ilianguka kwenye kilima cha Superga, wasisalimike abiria wala wahudumu. Chama cha mpira cha Hungaria kilimshitaki, na FIFA ikamfungia mwaka mzima. Ndipo yeye na wakimbizi wenziwe kutoka Ulaya ya Mashariki walipounda timu iliyoitwa Hungaria, chini ya shemeji yake Daučík, wakazuru Hispania katika majira ya joto ya 1950. Huko Josep Samitier wa Barcelona alimwona, akamsajili, na Daučík naye akapewa ualimu wa klabu.

Uchezaji. Kubala alikuwa mtu wa kifua kipana na mapaja mazito, aliyeuweka mwili wake baina ya beki na mpira hata usifikike. Na katika mikwaju ya adhabu aliupinda mpira ukauruka ukuta wa wachezaji na kushuka golini, ufundi uliokuwa adimu zama zile. Februari 1952 aliifunga Sporting Gijón mabao 7 katika ushindi wa 9–0, na msimu huo Barcelona ilitwaa vikombe vitano. Kifua kikuu kilimweka nje ya uwanja kwa miezi kadhaa, na wengi walidhani asingecheza tena. Alirudi, akamaliza na ubingwa wa ligi mara nne. Umati uliokuja kumtazama ulizidi nafasi ya uwanja wa Les Corts, jambo linalotajwa aghalabu kuwa miongoni mwa sababu za kujengwa Camp Nou, uliofunguliwa 1957. Mwaka uliofuata aliwashawishi Sándor Kocsis na Zoltán Czibor, Wahungaria walioikimbia nchi yao baada ya maasi ya 1956, wajiunge naye.

Ualimu. Alianza kufundisha Barcelona mwaka 1961, kisha akapitia Espanyol, Zürich, Toronto na Córdoba, hadi alipokabidhiwa timu ya taifa ya Hispania mwaka 1969, amana aliyoishika kwa miaka 11. Timu aliyoikuta ilikuwa imekosa Kombe la Dunia la 1970, na lile la 1974 ikalikosa pia, kwa bao moja la Yugoslavia katika mchezo wa mkataa huko Frankfurt. Lakini Novemba 1977, mbele ya Wayugoslavia wale wale, mjini Belgrade, bao la Rubén Cano liliifikisha Hispania kwenye Kombe la Dunia nchini Argentina, mara ya kwanza tangu 1966. Huko, kama ilivyokuwa katika mashindano ya Ulaya ya 1980, Hispania haikuivuka hatua ya kwanza. Kwa hiyo wanaompima kwa vikombe humweka chini kama mwalimu kuliko alivyokuwa mchezaji, ilhali insafu yataka ikumbukwe kwamba aliirejesha timu hiyo katika mashindano makuu. Baadaye alifundisha tena Barcelona kwa miezi michache, Al-Hilal ya Riyadh, Málaga, aliyoipandisha daraja la kwanza mwaka 1988, na timu ya taifa ya Paraguay mwaka 1995.

Kubala alifariki Barcelona tarehe 17 Mei 2002, miaka mitatu baada ya wapenzi wa klabu ya Barcelona, katika maadhimisho ya karne yake, kumchagua kuwa mchezaji bora kuliko wote waliopata kuichezea.