Wahuni wa Bowery: Vijana Waliozeekea Kijiweni

Mwezi Oktoba 1935, watu wa New York waliokata tiketi kwenda kutazama tamthilia kwenye ukumbi wa Belasco walikuta jukwaani gati la mto. Mbunifu wa jukwaa, Norman Bel Geddes, alikuwa amejenga ukingo wa East River: huku nyumba za kupanga zilizochakaa, huku ukuta wa jumba la matajiri, na lile shimo la mbele ambamo kwa kawaida hukaa wapiga muziki ndio ulikuwa mto wenyewe. Vijana sita walikuwa wakikimbia wanajirusha humo, chubwi, wanapotelea chini. Mchezo ulikuwa wa Sidney Kingsley na uliitwa Dead End, yaani njia isiyotokea upande wa pili. Ulichezwa mara 687.

Ndugu msomaji, nimeanza na shimo lile kwa sababu ndimo walimotokea jamaa ninaotaka kuwazungumzia. Kwetu nyumbani hatukujua habari za Kingsley. Tulijua tu “picha za wale wahuni wa kofia”, kama alivyoziita mjomba wangu, naye akishaziita hivyo anakaa mbele ya wote na kucheka kabla hata mtu hajaanguka. Tulizitazama kwenye diski moja ya machinga iliyobeba filamu kibao, sauti inakoroma, picha imefifia kama imefuliwa kwa jiki. Kiingereza chenyewe cha New York tulikipata nusunusu. Kumbe tulikuwa tunatazama mwisho wa hadithi bila kuujua mwanzo wake, na mwanzo wake haukuwa wa kuchekesha hata kidogo.

Wale sita walikuwa Billy Halop, Huntz Hall, Bobby Jordan, Gabriel Dell, Bernard Punsly na Leo Gorcey. Usidhani wote waliokotwa barabarani. Baadhi yao walikwisha kuzoea jukwaa. Gorcey, ambaye ndiye tutakayemfuata hadi mwisho, alikuwa anajifunza ufundi bomba kwa mjomba wake, na baba yake Bernard, mwigizaji mfupi kama yeye, ndiye aliyemsukuma akajaribu bahati. Alianza na kijinafasi kidogo, baadaye akapewa nafasi ya Spit, mtoto mwenye kutema mate na mwenye kumchoma mwenzake kwa polisi. Ebu fikiria: stelingi wetu wa vichekesho alianza maisha yake kama msaliti.

Mwaka 1937 Samuel Goldwyn akautengeneza mchezo huo kuwa filamu, mwongozaji William Wyler, na Humphrey Bogart akawa jambazi anayerudi mtaani kumwona mama yake. Anapigwa kibao na mama huyo. Nimekiona kipande hicho mara nyingi na kila mara nashika shavu langu mwenyewe. Mtaa mzima ulijengwa ndani ya studio, na inasimuliwa kwamba Goldwyn alikuwa akipita asubuhi akikuta takataka zimemwagwa kwenye seti anaagiza zifagiliwe, maana mtaa wa mafukara uliomgharimu pesa zote zile hauwezi kuwa mchafu hivyo! Watoto wenyewe walimshinda kwa utundu, akauza mikataba yao kwa Warner Brothers.

Huko Warner ndiko ilikozaliwa Angels with Dirty Faces, ya mwaka 1938. James Cagney ni jambazi Rocky, Pat O'Brien ni padri aliyekua naye mtaa mmoja, na wale vijana wanamwabudu Rocky. Rocky anahukumiwa kufa. Padri anamwomba jambo moja: aende kwenye kiti cha umeme akilia kama mwoga, ili vijana wasimwige. Nasi tunasikia analia. Ameigiza au ameogopa kweli? Filamu haisemi. Mimi nina daftari mbili za riwaya yangu, na ningezitoa zote kwa kipande hicho kimoja.

Basi hadi hapo mtoto wa mtaani kwenye sinema alikuwa kesi. Alitakiwa aokolewe au afungwe. Mara zote yupo mtu mzima anayemjadili juu ya kichwa chake: padri, askari, hakimu, mkuu wa gereza. Kwenye Hell's Kitchen ya mwaka 1939 aliyewahangaikia alikuwa Ronald Reagan, naam, huyohuyo aliyekuja kuwa rais.

Kicheko kiliingia kwa mlango wa nyuma, na mlango huo ulikuwa ni ukata. Mwaka 1940 kampuni ndogo ya Monogram, mojawapo ya zile ambazo watu wa Hollywood walizikejeli kwa jina la Safu ya Ufukara, ilianza mfululizo wa East Side Kids chini ya mtayarishaji Sam Katzman. Pesa hakuna, siku za kupiga picha ni chache, seti ileile leo ni duka kesho ni kituo cha polisi. Ukiwa huna pesa za kujenga mtaa wa kuhuzunisha, unawaacha vijana wajaze muda kwa mdomo. Gorcey na Hall walijaza kwelikweli. Walibishana, walipigana kofia, walikatizana maneno kama watu wanaosubiri daladala. Mwaka 1941 wakawekwa pamoja na Bela Lugosi, yule wa Dracula, kwenye Spooks Run Wild, na tangu hapo mizimu na majumba ya giza ikawa mali yao.

Kwenye genge hilo alikuwamo kijana mmoja Mweusi, Scruno. Mchezaji wake, Ernest Morrison, aliyejulikana kama Sunshine Sammy, alikuwa mkongwe kuliko wote pale ingawa sura yake ilikuwa bado changa. Alizaliwa New Orleans mwaka 1912, na mwaka 1922 Hal Roach alipoanzisha Our Gang, zile filamu fupi za watoto watundu, Morrison alikuwa miongoni mwa watoto wa kwanza kabisa, akicheza bega kwa bega na watoto wa Kizungu enzi ambazo sehemu kubwa ya Marekani isingewaruhusu kukaa dawati moja. Kwa hiyo mtu huyu amepita katika magenge mawili makubwa ya vichekesho vya watoto, na ni nadra kusikia anatajwa. Sisemi alitendewa haki. Zipo dhihaka alizopewa za kutoa macho akiona mzimu, na dhihaka hizo hazichekeshi tena. Kwetu sebuleni zikifika hapo palikuwa kimya, hata mjomba. Lakini akiachwa acheze kama mwenzao, anakwenda nao sawasawa, kwa miguu na kwa maneno. Aliondoka wakati wa vita, na mfululizo ulipobadili jina mwaka 1946 nafasi yake haikujazwa. Genge likawa la Wazungu watupu.

Hapa niseme kilichonifanya nizirudie filamu hizi mwaka jana, peke yangu, usiku, sauti nimeipunguza. Kuna mhariri alisoma sura tatu za riwaya yangu kuhusu watoto wanaolala stendi. Akaniambia naandika vizuri ila watoto wangu wanacheka mno. Msomaji hatawaonea huruma. Nilirudi nyumbani nimenywea. Nikajiuliza kama kweli kicheko ni usaliti, kama kumchekesha mtoto asiye na pa kulala ni kuwaambia walioshiba kwamba mambo si mabaya sana.

Na ukweli ni kwamba shtaka hilo linaweza kufunguliwa dhidi ya hawa jamaa. Mwaka 1945 Gorcey aligombana na Katzman juu ya malipo, akatoka, akaungana na wakala Jan Grippo, na mwaka 1946 wakaanzisha The Bowery Boys, yeye mwenyewe akiwa na hisa. Bowery ni barabara ya kweli huko Manhattan, wakati ule ikisifika kwa gesti za bei ya kutupa na walevi waliolala kwenye vibaraza. Ndani ya filamu huioni Bowery hiyo. Huoni njaa, humwoni mama anayempiga kibao mwanawe. Umebaki uchochoro safi na duka la Louie la peremende na soda. Zilitolewa filamu 48 hadi mwaka 1958, na huenda Goldwyn angefurahi: takataka zilifagiliwa zote.

Lakini mtazame Slip Mahoney, anayechezwa na Gorcey. Kofia kaipindua ukingo, mabega kayatanua, mfukoni hana senti, na anazungumza maneno makubwa ambayo yote ni ya kosakosa. Ni kama yule mshereheshaji anayetangaza kwa kishindo kwamba sasa mgeni rasmi atatuhutumu kwa dakika kumi. Tunamcheka, lakini yeye hajioni mjinga. Ameziokota lugha za mahakimu na mapadri waliomjadili juu ya kichwa chake tangu 1937, na sasa anazitumia kama anavyotaka. Nilipoliona hilo nilisimamisha filamu. Mtoto wa Dead End alikuwa anasemewa. Huyu hasemewi na mtu, anasema mwenyewe, hata kama anasema upuuzi.

Pembeni yake Huntz Hall, yaani Sach, mrefu, kofia ya chepeo imeinuliwa mbele, uso kama mpira. Slip anampiga kwa kofia, na Sach anabaki kumpenda. Na nyuma ya kaunta yupo Louie, kizee kifupi chenye hasira za sekunde kumi. Louie anachezwa na Bernard Gorcey, baba mzazi wa Leo. Kazi ya Louie ni kuwakopesha. Hawajawahi kulipa. Kila filamu anaapa kwamba leo basi, na kila filamu glasi zinajazwa.

Sasa wewe na mimi tunalijua duka hilo. Kila mtaa wetu una Louie wake, mwenye genge au kibanda cha chipsi, na una meza yake ambayo washikaji waliochacha wanapigana mizinga tangu asubuhi. Na hapa ndipo kichekesho chao kinaponichoma: hawa “vijana” hawakuwa vijana. Gorcey alizaliwa Juni 1917. Kufikia mwaka 1956 alikuwa anakaribia miaka 39 na bado anaitwa kijana wa Bowery, bado hana kazi, bado anakunywa kwa mkopo. Wakosoaji walilicheka jambo hilo kama aibu ya kampuni maskini. Mimi nadhani bila kukusudia ndilo jambo la kweli kuliko yote waliyopiga picha. Pale kwetu wapo kaka zangu wa miaka 38 wanaoitwa vijana, wakisubiri kitu fulani kifunguke, na ni wachekeshaji wakubwa mno. Hakuna aliyewaambia wamezeeka.

Si zote nazitetea. Jungle Gents ya mwaka 1954, ambapo Sach anapata uwezo wa kunusa almasi na genge zima linasafirishwa hadi Afrika, ni kioja. Afrika yenyewe ni majani ya studio. Watu walioujua uchochoro mmoja hadi harufu yake wanafika kwetu hawajui kitu, na hawaoni haja ya kujua. Niliitazama hadi mwisho kwa ukaidi tu.

Agosti 1955 Bernard Gorcey alipata ajali ya gari, na Septemba akafariki. Leo hakupona msiba ule. Alikunywa, akavuruga kazi, na baada ya Crashing Las Vegas ya mwaka 1956 akaondoka. Stanley Clements akashika nafasi yake kwa filamu saba za mwisho. Clements hana kosa, lakini tazama Crashing Las Vegas ukijua kilichotokea: yule bwana anayekosea maneno makubwa amefiwa na mtu aliyekuwa akimkopesha, na hakuna anayemtaja.

Bobby Jordan alifariki mwaka 1965 akiwa na miaka 42 tu, pombe imemmaliza. Billy Halop, kiongozi wa genge kwenye mchezo ule wa kwanza, alimuuguza mkewe hadi akaishia kusomea uuguzi. Punsly aliacha sinema akawa daktari, na alikuwa wa mwisho wa wale sita kufariki, mwaka 2004. Gorcey alifariki tarehe 2 Juni 1969, siku moja kabla ya kutimiza miaka 52.

Sura zangu tatu nimeziacha zinavyocheka. Nimeongeza mwenye duka.

Ukitaka kuanza, anza na Dead End, kisha Angels with Dirty Faces, halafu ruka moja kwa moja hadi Ghost Chasers ya mwaka 1951, upate mshtuko wa kuwaona walewale. Na ukikutana na kava la sahani ya Beatles ya mwaka 1967, Sgt. Pepper, angalia safu ya juu. Huntz Hall yupo. Gorcey naye aliwekwa hapo pembeni yake, lakini alidai alipwe dola 400, wakamfuta. Hall hakudai kitu. Pamebaki nafasi.