Kioo na chuma mbele ya mvua



Katika parokia nyingi za nchi yetu tunaona, inje ya kanisa, kibanda kidogo cha chuma chenye vioo pande zote, na ndani yake sanamu ya Bikira Maria. Siku ya kukibariki kinang'aa. Kiisha miaka michache ya mvua, chuma kinashika kutu, maji yanaingia, na kioo kinapasuka pembeni. Wengi wanasema: kioo kilikuwa kibaya. Lakini historia ya kazi hii inatufundisha vingine, tena inapita karibu na mlango wetu kuliko tunavyozani.

Tuanze na sanduku dogo. Karibu na mwaka 1829, mganga mmoja wa London, Nathaniel Ward, alivumbua kwamba mimea inaweza kuishi ndani ya chombo cha kioo kilichofungwa vizuri: unyevu unapanda, unashika kioo, unarudi tena chini kama umande. Mwaka 1833 alituma masanduku ya namna hiyo kwa merikebu mpaka Australia, na mimea ilifika ingali hai. Mwaka 1876 miche ya mpira karibu 1,900, iliyotoka katika mbegu za Brazil na kuoteshwa Kew, karibu na London, ilipelekwa Ceylon katika masanduku kama hayo. Toka pale mashamba ya mpira yalienea katika Asia, na mwaka 1913 mpira wa mashamba ulishinda kwa wingi ule wa porini. Basi vioo vilivyozuia upepo wa bahari vilimaliza bei ya mpira wa porini, ule uleule ambao wazee wetu walilazimishwa kuutafuta katika misitu kwa machozi.

Kiisha sanduku, nyumba. Kule Kew, kati ya 1844 na 1848, Decimus Burton na Richard Turner walijenga nyumba ya mitende kwa chuma na vioo. Mwaka 1851 Joseph Paxton alisimamisha katika London jumba la maonyesho lenye vioo karibu 300,000. Paxton alijua kwamba maji hayazuiliwi kwa nguvu, yanaonyeshwa njia. Miti ya kushikilia vioo vya paa ilichongwa mifereji: mmoja wa juu kwa mvua, na miwili ya pembeni kwa unyevu unaotiririka ndani ya kioo. Kutoka pale maji yalishuka katika nguzo za chuma zenye uwazi ndani.

Katika Ubelgiji, mfalme Leopold wa Pili alimwagiza Alphonse Balat kujenga nyumba za vioo kule Laeken, karibu na Bruxelles. Bustani kubwa ya majira ya baridi ilimalizika mwaka 1876, nguzo zake 36. Baadaye ikaja nyumba iliyopewa jina la Kongo. Na mwaka 1895 likamalizika jengo lililoitwa kanisa la chuma. Lazima tuseme kweli yote. Bustani ile ya kwanza ilitangulia Dola Huru la Kongo la mwaka 1885. Lakini faida iliyotoka katika mpira wa Kongo ililipa majengo mengi ya mfalme katika Ubelgiji, na katika Maniema vilevile watu walidaiwa mpira na pembe za tembo. Mfalme alikufa mwaka 1909 palepale Laeken, kati ya vioo vyake. Uzuri wa kazi ya Balat haufuti deni lile. Wala deni lile halituzuii kujifunza ufundi wake.

Ufundi wenyewe ni upi? Kwanza, chuma na kioo havipanuki sawasawa katika jua. Fremu ya urefu wa metre moja, ikipata joto la digri 40 zaidi, inaongezeka karibu nusu milimetre. Kioo kinaongezeka kidogo kuliko hapo. Kwa hiyo kioo kisibanwe: kiachiwe nafasi ya milimetre chache kila upande, kikalie vipande vidogo vya mpira, kisiguse chuma. Pili, kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Inavimba katika ukingo wa fremu na kusukuma kioo mpaka kinapasuka. Basi fremu ikwanguliwe na kupakwa rangi ya kuzuia kutu mbele ya kutia kioo, hata ndani ya ukingo ambamo jicho halifiki. Tatu, mastiki ya zamani, unga wa chaki na mafuta ya kitani, inakauka na kupasuka katika jua letu. Mastiki ya silikoni inabaki laini. Nne, chini ya fremu kuwe na matundu madogo, maana maji machache yataingia tu, nayo yapate mahali pa kutokea. Paa lipite kuta, ili mvua isidondokee vioo.

Hata Kew walijifunza hivyo. Kati ya 1984 na 1988 nyumba ile ya mitende ilibomolewa kipande kwa kipande, na fito za kushikilia vioo zikawekwa za chuma kisichoshika kutu.

Kuna jambo moja la mwisho, nalo ni letu. Mwaka 1959 kampuni ya Pilkington ya Uingereza ilitangaza namna mpya ya kutengeneza kioo: kioo kilichoyeyuka kinamwagwa juu ya bati lililoyeyuka, kinaelea, na kutoka laini pande zote mbili. Leo kioo cha madirisha karibu chote kinapatikana hivyo. Na bati linatoka katika kasiterite, jiwe ambalo watu wa Kailo na Kalima wanalijua kwa mikono yao. Toka 1932 kampuni ya Symétain ililichimba katika Maniema kwa jasho la baba zetu. Wao walitoa jiwe. Kioo kilirudi kwa bei ya mgeni.

Kwa hiyo, tunapomjengea Mama yetu kibanda, tusikifanye kwa haraka ya siku kuu. Rangi ipakwe mahali pasipoonekana, matundu ya maji yatobolewe, na kila mwaka mbele ya mvua mtu akague mastiki. Wajukuu watakaosherehekea yubileo ijayo wakute kioo kizima.