Kunoa mnyororo wa msumeno

Kunoa mnyororo wa msumeno ni kazi ya kurudisha makali ya meno ya msumeno wa mnyororo, mashine ambayo nchini Tanzania huitwa pia msumeno wa moto au chenso. Kazi hiyo hufanywa kwa mkono kwa kutumia tupa ya mviringo, tupa bapa na vifaa vidogo vya kuongozea tupa, au kwa jiwe la kunolea linalozungushwa na mota. Tupa hutumika zaidi porini kwa sababu haihitaji umeme na hubebwa kwa urahisi.

Muundo wa jino

Mnyororo una meno ya kushoto na ya kulia yanayopishana. Kila jino lina bamba la juu na ubavu, na makali yake yako pale vinapokutana. Mbele ya jino kuna nundu ndogo ambayo hupima kina: iko chini kidogo ya makali, na tofauti hiyo ya kimo ndiyo inayoamua jino lichukue mti kiasi gani. Katika minyororo mingi tofauti hiyo ni takriban milimita 0.65.

Muundo huu unatokana na kazi ya Joseph Cox wa Oregon, Marekani. Mwaka 1946 alichunguza buu la mbawakawa lililokuwa likitafuna gogo kwa kwenda kushoto na kulia, akabuni jino linalofanya kazi kwa namna hiyo. Minyororo ya awali ilikuwa na meno yaliyofanana na ya msumeno wa mkono, na kuyanoa kulichukua muda mrefu.

Dalili za mnyororo butu

Mnyororo wenye makali hujivuta wenyewe ndani ya mti na kutoa maranda. Ulio butu hutoa vumbi laini, na mkataji hulazimika kuukandamiza. Mti huanza kutoa moshi hata kama oili ya mnyororo ipo, mafuta huisha haraka na mashine huchoka. Hatari kubwa zaidi ni kwa mtu mwenyewe: anayesukuma msumeno kwa nguvu hupungukiwa na uwezo wa kuuzuia pale unaporuka au kuteleza ghafla.

Msumeno ukivuta upande mmoja na kukata kwa kupinda, mara nyingi meno ya upande mmoja ni mafupi au ni butu kuliko ya upande wa pili. Kwa anayepasua mbao hiyo ni hasara, kwa kuwa ubao hutoka mnene upande mmoja na mwembamba upande mwingine.

Kuchagua tupa

Kipenyo cha tupa ya mviringo hutegemea hatua ya mnyororo. Hatua hupatikana kwa kupima umbali kati ya ribiti tatu zinazofuatana, kisha kugawanya kwa mbili. Vipimo vya kawaida ni hivi:

- hatua ya inchi 3/8 ya mnyororo mdogo: tupa ya mm 4.0
- hatua ya inchi 0.325: tupa ya mm 4.8
- hatua ya inchi 3/8 ya kawaida: tupa ya mm 5.2 au 5.5, kulingana na mtengenezaji
- hatua ya inchi 0.404: tupa ya mm 5.5

Tupa nyembamba mno huchimba chini ya makali na kuacha ncha dhaifu. Nene mno huacha makali yaliyolala yasiyouma mti.

Hatua za kunoa

1. Mashine huzimwa, na waya wa plagi huchomolewa. Mkataji huvaa glavu, kwa kuwa mnyororo hukata hata ukiwa umesimama.
2. Mnyororo husafishwa na kukazwa kidogo ili meno yasiyumbe. Bamba la msumeno hubanwa kwenye jiliwa au, porini, kwenye mkato uliofanywa juu ya kisiki.
3. Jino fupi kuliko yote hutafutwa na kunolewa kwanza. Urefu wake huwa kipimo cha meno mengine yote.
4. Tupa hulazwa ndani ya jino ili takriban moja ya tano ya kipenyo chake ionekane juu ya bamba la jino. Kifaa cha kuongozea huishikilia kwenye kimo hicho, na mistari iliyochorwa juu yake huonyesha pembe. Minyororo mingi hunolewa kwa nyuzi 25 hadi 35. Ya kupasulia mbao kwa kufuata urefu wa gogo hunolewa kwa takriban nyuzi 10.
5. Tupa husukumwa kutoka ndani ya jino kwenda nje. Hukata inaposukumwa tu, hivyo huinuliwa wakati wa kurudishwa. Kila jino hupewa idadi ileile ya misukumo, kwa kawaida miwili au mitatu.
6. Meno ya upande mmoja yakiisha, mtu huhamia upande wa pili.

Baada ya kunoa mara kadhaa, nundu hupimwa kwa kigezo cha chuma na kupunguzwa kwa tupa bapa, kisha ukingo wake wa mbele huviringishwa. Baadhi ya wakataji hupunguza nundu kupita kiasi ili msumeno ule haraka. Kufanya hivyo hulifanya jino liume mti kupita uwezo wake. Msumeno hutetemeka, na hatari ya kurushwa kumwelekea mkataji huongezeka.

Jiwe la mota hunoa kwa haraka, lakini likikandamizwa huunguza chuma. Jino lililogeuka rangi ya buluu limepoteza ugumu wake na halikai na makali.

Katika Tanzania

Majimoto ni kata ya Halmashauri ya Mpimbwe katika Wilaya ya Mlele, Mkoa wa Katavi, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012. Sehemu kubwa ya mkoa huo ina misitu ya miyombo, yenye miti kama mninga na mtundu. Mahali palipo mbali na karakana za mjini Mpanda, tupa mbili na kifaa cha kuongozea huweza kuokoa siku nzima ya kazi.

Kinachoua makali haraka zaidi ni mchanga. Gogo lililoburutwa au kulala chini hubeba udongo kwenye gome, na kugusa ardhi mara moja kwaweza kuharibu mnyororo mzima. Kwa hiyo gogo huinuliwa juu ya vipande vya mti na gome chafu huondolewa. Mti wenyewe pia huchangia: mpingo ni mgumu mno, na mvule huweza kuwa na vijiwe vya chokaa ndani yake.

Kuvuna miti katika misitu ya hifadhi kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Misitu ya hifadhi ya serikali kuu husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS).

Mwisho wa mnyororo

Watengenezaji wengi huchora alama juu ya jino kuonyesha kikomo cha kunoa. Jino likifika hapo, au likibaki na urefu wa mm 3 hadi 4, mnyororo hubadilishwa, kwa sababu jino fupi huweza kuvunjika na kuruka. Mnyororo wenye ufa au ribiti iliyolegea haunolewi tena.