Kutoka Jua hadi Chavua: Jinsi Mafua ya Mzio Yalivyopata Vipimo na Tiba

Mafua ya mzio, yaani hali ya pua kuwasha, kuziba, kutiririsha kamasi jepesi na kumfanya mtu apige chafya mfululizo kila anapovuta kitu ambacho wengine hukivuta bila dhara lolote, yalichelewa kuingia katika vitabu vya tiba vya Ulaya, na yalipoingia yalipitia mwilini mwa mgonjwa aliyekuwa pia tabibu. Mwaka 1819 daktari John Bostock aliwasilisha mbele ya wanataaluma wenzake jijini London maelezo ya mtu wa miaka 46 ambaye tangu utotoni, kila yalipoanza majira ya joto, aliwashwa macho, akapiga chafya na kubanwa kifua. Mtu huyo alikuwa Bostock mwenyewe, naye alikwisha kujaribu kutolewa damu, dawa za kuharisha, kasumba, zebaki na kuoga maji baridi bila kupona. Katika maelezo yake ya pili, ya mwaka 1828, alikusanya habari za wagonjwa 28 na kuyaita maradhi hayo mafua ya kiangazi. Lawama alilitupia joto la majira, na akayakataa maneno ya watu wa kawaida waliosema kwamba chanzo ni nyasi zilizokatwa na kuanikwa mashambani, ingawa wao ndio waliokuwa karibu zaidi na ukweli.

Aliyeusogeza ukweli huo hadi kwenye ushahidi ni Charles Harrison Blackley, tabibu wa Manchester aliyeteswa na maradhi hayohayo, na ambaye kitabu chake cha mwaka 1873 kinastahili heshima kubwa kuliko kinayopewa kwa kawaida. Blackley alishuku chavua, yaani ungaunga wa mbegu za kiume za mimea unaopeperushwa na upepo, lakini hakuridhika na kushuku tu. Aliikwangua ngozi ya mikono yake miwili, akaweka chavua ya nyasi iliyoloweshwa maji juu ya jeraha la mkono mmoja na kuliacha la pili bila chavua, kisha akafunika yote mawili. Mkono wenye chavua ukawasha na kuvimba, na ule mwingine ukabaki kama ulivyo. Mkono huo wa kulinganishia ndio ulioufanya utafiti wake uwe ushahidi, na hadi leo mgonjwa anapochomwa kidogo ngozini kwa matone ya vichochezi mbalimbali, huwekewa pia tone la maji ya chumvi lisilo na kichochezi chochote, ili ngozi inayovimba kwa sababu ya mchomo peke yake isimdanganye daktari. Blackley alipaka vipande vya kioo mchanganyiko unaonata wenye gliserini, akaviweka wazi hewani na kuhesabu kwa hadubini chembe zilizonasa, kisha akalinganisha hesabu hiyo na ukali wa dalili zake. Akarusha hata vishada vilivyobeba vioo hivyo, akagundua kwamba chavua hupaa juu sana kutoka ardhini, jambo linaloeleza kwa nini mtu huugua hata akiwa mbali na shamba.

Kutoka katika kipimo ndipo tiba ilipochipuka. Mwaka 1911 Leonard Noon, aliyefanya kazi katika Hospitali ya St Mary's jijini London, alieleza katika jarida la Lancet namna ya kumdunga mgonjwa maji yaliyokamuliwa kutoka katika chavua, kwa kuanza na kiasi kidogo mno na kukiongeza hatua kwa hatua kabla ya msimu wa maua kufika. Ili ajue pa kuanzia, alidondosha jichoni mwa mgonjwa mchanganyiko dhaifu, akauongezea nguvu hadi jicho lilipoanza kuwa jekundu, na hapo akapata kadirio la ustahimilivu wa mtu huyo. Kipimo chake kimoja cha dozi kilikuwa kiasi kinachopatikana katika sehemu moja ya milioni ya gramu ya chavua. Noon aliamini kwamba chavua ina sumu ambayo mwili unaweza kuchanjwa dhidi yake, na katika hilo alikosea, lakini aliona kwa usahihi kwamba dozi kubwa kupita kiasi, au zinazokaribiana mno, humzidishia mgonjwa taabu. Alifariki mwaka 1913 kwa kifua kikuu, na mwenzake John Freeman akaiendeleza kazi hiyo. Ilipita miaka 43 tangu andiko la 1911 kabla William Frankland na Rosa Augustin hawajachapisha, mwaka 1954, jaribio ambamo baadhi ya wagonjwa walidungwa dawa yenyewe na wengine maji yasiyo na nguvu ya tiba, bila kuambiwa nani amepewa nini. Ni muda mrefu wa kusikitisha kwa matibabu yaliyokuwa yakitolewa siku zote hizo.

Sababu ya mwili kuathirika namna hii ilifichuka polepole. Mwaka 1921 Heinz Küstner, aliyedhurika kwa kula samaki, alitoa majimaji ya damu yake, nayo yakadungwa katika ngozi ya Carl Prausnitz. Dondoo la samaki lilipowekwa mahali hapohapo, ngozi ya Prausnitz ikavimba, ikawa dhahiri kwamba kitu fulani ndani ya damu hubeba mzio. Kitu hicho, kingamwili iitwayo IgE, kilitambuliwa katika miaka ya 1966 na 1967 na akina Ishizaka huko Marekani, na S. G. O. Johansson na Hans Bennich huko Sweden. Kingamwili hiyo hujishikiza kwenye seli za utando wa pua, na inapokutana na kichochezi chake seli hizo humwaga histamini, kemikali inayoleta kuwasha, chafya na kamasi. Dawa za kwanza za kuzuia histamini, zilizotokana na utafiti wa Daniel Bovet na Anne-Marie Staub huko Paris mwaka 1937, zilileta nafuu pamoja na usingizi mzito. Dawa za steroidi za kupuliza puani, zinazotuliza uvimbe wenyewe, zilifuata katika miaka ya 1970.

Hata hivyo chavua haikuweza kueleza pua inayoziba mwaka mzima. Jibu la sehemu kubwa ya wagonjwa hao lilitoka Leiden, Uholanzi, ambako mwaka 1964 Reindert Voorhorst na wenzake walionyesha kwamba ndani ya vumbi la nyumbani wamo utitiri, viumbe wasioonekana kwa macho wanaokula vipande vya ngozi vinavyopukutika mwilini mwa watu, na ambao huchochea mzio. Utitiri hao hustawi katika magodoro na mito palipo na unyevunyevu na joto la wastani, na kwa hiyo ugunduzi huo uliwahusu wakazi wa miji ya mwambao kama Mombasa, Tanga na Dar es Salaam kuliko simulizi zote za nyasi za Uingereza. Mwaka 2001 jopo la wataalamu la ARIA, lililoundwa kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani, lilipendekeza kuacha kuyagawa mafua haya kwa misimu na kuyapima kwa muda wake: ya kudumu ni yale yenye dalili zaidi ya siku 4 kwa wiki, kwa zaidi ya wiki 4, na ukali wake hupimwa kwa kuangalia kama yanamnyima mgonjwa usingizi, masomo au kazi.