Kiboko cha Utani na Kiboko cha Serikali

Maneno ya mzaha hayafai kudharauliwa katika historia, kwa kuwa mara nyingi hutunza kumbukumbu ya maumivu. Neno kiboko ni shahidi. Kwanza ni mnyama wa mtoni. Pili ni mjeledi uliokatwa katika ngozi yake. Tatu ni sifa ya mtu aliyewashinda wenziwe wote.

Mjeledi huo ulijulikana sana zama za Wajerumani. Amri ya Chansela wao ya mwaka 1896 iliweka kikomo cha viboko 25 kwa mara moja, na hesabu hiyo ikaitwa hamsa ishirini. Wanawake, Waarabu na Wahindi waliepushwa nayo. Ikabaki fungu la mwanamume Mwafrika. Aliyelazwa chini hakuombwa radhi.

Sasa tutazame kiboko cha namna nyingine. Katika nyanda za Makambako na Njombe, na kusini hadi Mawengi, Wabena na Wapangwa waliijua mikuki ya Wangoni katika karne ya 19. Wahehe nao walipigana na Wangoni tangu 1878 hata 1882, pasipo mmoja kummaliza mwenziwe. Vita vya namna hiyo vilizaa utani. Mtani humtukana mtani, humnyang'anya kitoweo, humtishia bakora hata msibani, na mwenziwe hukatazwa kukasirika. Lakini ruhusa hiyo ina sheria yake: ni ya watu wazima wanaojuana, na mwenye kupiga leo amekwisha kukubali kupigwa kesho.

Hapo lugha hupata uwanja wa kucheza. Kazi huchapwa, kitabu huchapwa, na mkaidi huchapwa. Basi mtani akiapa kumchapa mwenziwe makalioni, aweza kuambiwa atafute wino kwanza. Na kwa kuwa bakora huliwa, aliyekula ataulizwa kama ameshiba.

Je, kila mzaha wa kiboko ni utani? Sivyo. Sheria ya mwaka 1963 ya adhabu za chini iliamuru viboko 24 kwa wala rushwa na wezi: 12 mfungwa aingiapo gerezani, na 12 atokapo. Mwalimu Nyerere, akihutubia miaka ya baadaye, aliwachekesha watu kwa kusema kwamba hivyo vya mwisho ni vya kwenda kumwonyesha mkewe. Mzaha ulikuwa mtamu, lakini waliocheka ni wasikilizaji. Mchapwaji hakuwa na zamu ya kujibu, wala ya kukishika kiboko.

Basi tofauti haimo katika fimbo, wala katika kicheko, bali katika ridhaa na zamu. Pasipo hayo mawili kiboko ni adhabu, hata kikipambwa kwa maneno matamu. Yakiwapo, hata maadui wa jana hukigeuza kuwa salamu. Na watu waliopigwa bila hiari walipata malipo yao madogo: walimnyang'anya mpigaji neno lake, nao leo humwita kiboko yule wanayemsifu.